Mama mkwe kanisafishia dola zangu za fedha kwa ndimu

Shikamoo Mjomba,

Naomba nikueleze wewe, maana nikimweleza mtu mwingine atanicheka.

Mimi kwetu Tanga, huu mwaka wa saba niko Columbus, Ohio. Nafanya zamu ya usiku ghalani, mke wangu anahudumia wazee, na tuna watoto wawili. Mwezi wa nne mama mkwe alikuja kutusaidia kulea huyu mdogo. Niseme mapema kwamba ni mama mzuri, hana neno na mtu, na hilo ndilo linalonikaba koo.

Mwaka jana, Jumamosi moja, nilipita kwenye nyumba ambayo watoto wa marehemu walikuwa wanauza vitu vya baba yao. Makochi, misumeno, sahani. Chini ya meza nikaona kisanduku cha mbao cha sigara, ndani yake dola za zamani za fedha 14, zile zenye kichwa cha mwanamke upande mmoja na tai upande wa pili. Kijana aliyekuwa anauza alitaka dola 560 kwa zote. Nikalipa. (Mke wangu bei hiyo haijui. Anajua nilinunua "vihela vya zamani".)

Nikaanza kusoma, kumbe zinaitwa dola za Morgan. Ikawa kila Jumapili nazitoa, nazitazama dirishani, nazirudisha. Nilinunua na vile vifuko laini vya plastiki vya kuhifadhia, ingawa vinanuka kama pazia jipya la bafuni. Tatu kati yake zina rangi ambazo sijapata kuziona kwenye pesa. Ile ya 1881 yenye herufi S (alama ya kiwanda iliyoigonga) ina kama mwezi mwandamo pembeni mwa uso, manjano, nyekundu ya papai lililoiva, zambarau, kisha buluu, na katikati imebaki nyeupe. Ya 1887 ina duara la rangi ya asali na waridi ukingoni, pande zote mbili. Ya 1921 karibu yote ni buluu na kijani, mbele na nyuma.

Sasa Jumanne moja nimerudi kazini asubuhi. Nafungua mlango, mama mkwe kaketi mezani, katandika kitambaa cheupe, na juu yake dola zangu tano zimepangwa mstari, zinameremeta kama vikombe vya harusi. Pembeni pana nusu ndimu, bakuli la magadi na mswaki wa zamani wa mtoto. Akaniambia kwa furaha, "Baba, nimekuonea huruma, hela zako zilikuwa zimeingia weusi. Nimekusafishia. Ningepata majivu ya mkaa zingetakata zaidi, ila huku kwenu hata majivu hamna." Mjomba, machozi yalinilenga. Nikasema, "Ahsante sana mama." Nikaingia chumbani nikalala na viatu.

Zilizosafishwa ni 1885-O, 1896, 1900-O na mbili za 1921. Iliyoniuma ni hiyo 1885, ilikuwa na rangi ya dhahabu nyepesi na mng'ao wake wote. Nilipomweleza mke wangu kwamba kusafisha sarafu ya zamani ni kuiharibu, akanijibu kwamba kwao Pangani fedha isiyong'aa ni aibu ya mwenye nyumba, na kwamba naona napenda dola kuliko mama yake. Siku ya tatu leo tunazungumza habari za watoto tu.

Nikachukua zilizobaki nikaenda nazo kwenye duka la sarafu. Jamaa kazitazama dakika mbili, kaishika ile ya 1921 yenye rangi, kasema zote za rangi zimepikwa, yaani rangi ni ya kutengenezwa, anazichukua kwa bei ya madini. Mwenzangu wa kazini naye ananishauri mambo mawili. Zenye rangi nizipeleke zikapimwe daraja zifungwe kwenye kasha, na zile tano nizifungie kwenye mfuko na yai la kuchemsha wiki moja, rangi itarudi.

Nimekutumia picha za zote tisa zilizobaki, na za zamani za zile zilizosafishwa. Katika hizo tisa, tano ni za kawaida. Moja ya 1890 imechakaa, nyeusi, ina herufi CC, hiyo wala usihangaike nayo. Ninachotaka kujua ni kama rangi hizi ni za kweli, kama zile tano zinaweza kupona, na nimwambie nini mama mkwe, ambaye jana ameniuliza zile nyingine tisa nimezificha wapi ili amalizie.

Mkwe Nisiye na Raha, Columbus

* * *

Marahaba mpwa wangu,

Hapo kwenye viatu nimecheka, nisikufiche. Kisha nikaacha, kwa sababu mimi mwenyewe nilianza maisha kwa kusugua. Nilikuwa mvulana wa kazi kwenye duka la sonara Mombasa, Mji wa Kale, na miezi yangu ya kwanza ilikuwa ndimu, majivu, na bangili za watu mpaka vidole vinachubuka. Mama mkwe wako kafanya alilofundishwa, na kalifanya vizuri. Mrashi, buli la fedha, kikuku cha bibi harusi, vyote hivyo vinataka kusuguliwa. Sarafu ya mkusanyaji ndiyo kituko. Ni kitu pekee ndani ya nyumba ambacho weusi wake una bei, na mtu asiyeambiwa hawezi kulijua hilo kwa akili yake.

Tuanze na zile tano, maana ndizo zinazokunyima usingizi. Hazitapona. Sarafu inapogongwa kiwandani, fedha hutiririka kidogo chini ya ule mgandamizo na kuacha michirizi midogo mno, ikitoka katikati kwenda ukingoni. Macho hayaioni, lakini mwanga unaiona. Ndiyo maana ukiishika dola ambayo haijatumika ukaizungusha chini ya taa, miali miwili inazunguka juu yake kama spoku za baiskeli. Dola hizi ni fedha asilimia 90 na shaba asilimia 10, na fedha ni laini. Punje za magadi chini ya mswaki zimeilamba ile michirizi na kuacha mikwaruzo kama nywele, yote ikifuata mwendo wa mkono wa mama. Ndiyo maana zinameremeta bila kuwa na mng'ao. Umeshawahi kumwona mtu aliyejichubua kwa mkorogo? Anang'aa, lakini nuru yake mwenyewe imeondoka.

Sasa tupime hasara kabla ya kulia. Kwa picha zako za zamani, 1896, 1900-O na hizo mbili za 1921 zilikuwa zimeshatumika, nywele juu ya sikio zimelainika na kifua cha tai kimekuwa bapa. Dola za namna hiyo ziko nyingi sana. Za 1921 peke yake kiwanda cha Philadelphia kilitoa zaidi ya milioni 44. Bei yake hukaa karibu na bei ya fedha iliyomo, na fedha haijaenda popote. Kila dola ya Morgan ilitoka kiwandani na uzito wa gramu 26.73, kwa hiyo ndani yake mna fedha tupu gramu 24 na nukta. Zidisha kwa bei ya siku. Iliyopotea kwelikweli ni moja, 1885-O, nayo pia si adimu. Ulikuwa na sarafu nzuri ya mwaka wa kawaida, sasa una fedha ya mwaka wa kawaida. Inauma, ila usiilalie na viatu.

Na yai liache. Yai la kuchemsha linatoa gesi yenye salfa, na salfa ikikutana na fedha inatengeneza utando, kweli rangi itakuja. Lakini itakaa juu ya mikwaruzo. Mpimaji akiinamisha sarafu mara moja tu anaona rangi changa juu ya uso uliosuguliwa, anajua kuna mtu alikuwa anaficha kitu. Ukiiuza hivyo umemdanganya mnunuzi, na ukimwachia mtoto wako umemdanganya mtoto. Ziache zilivyo. Zitajirudia rangi zenyewe polepole, miaka kadhaa, na mikwaruzo itabaki pale pale ikisema ukweli.

Haya, rangi. Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo watu wanapopoteza pesa.

Ile rangi si wino. Ni utando mwembamba wa fedha iliyoungana na salfa, mwembamba kiasi kwamba mwanga unaogonga juu yake na unaogonga chini yake vinapishana vikatoa rangi. Umeona petroli ikimwagika kwenye dimbwi barabarani? Ni mambo hayo hayo. Na kwa kuwa rangi inategemea unene, inakuja kwa zamu. Utando unaanza manjano hafifu, unakuwa asali, unaingia wekundu na zambarau, halafu buluu iliyokolea, kisha buluu ya maji mepesi. Ukizidi kunenepa mzunguko unarudia na manjano na waridi, na hapo ndipo kijani kinapopata nafasi. Mwisho wa yote ni weusi. Kwa hiyo ukisoma sarafu kutoka penye weupe kwenda penye giza, zamu inatakiwa isirukwe. Soma mwandamo wako wa 1881 kuanzia katikati kwenda nje: nyeupe, manjano, papai, zambarau, buluu. Haukuruka kitu.

Lakini zamu peke yake haitoshi, kwa sababu wapikaji nao wameijua. Ndiyo maana nauliza rangi ilipataje kufika pale ilipo. Dola za Morgan zina historia ya ajabu. Mwaka 1878 Bunge la Marekani liliilazimisha Hazina inunue madini ya fedha ya dola milioni 2 hadi 4 kila mwezi na kuigonga sarafu, kwa kuwabeba wenye migodi na waliotaka pesa iwe nyingi mikononi mwa watu. Raia wengi hawakutaka kutembea na masarafu mazito, basi yakarudi kwenye maghala, elfu moja moja katika mifuko ya turubai, yakalala. Kuanzia mwaka 1918 zikapitishwa kwenye tanuru zaidi ya milioni 270, na sehemu kubwa ya fedha yake ikauzwa kwa Waingereza kwa ajili ya rupia za India. Ndiyo, rupia, pesa ile ile ambayo bibi zetu wa Mombasa na Unguja walikuwa wanaendea nayo sokoni wakati huo. Zilizosalimika zikaendelea kulala mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960, Hazina ilipofungua milango na watu wakapanga foleni kubadilisha noti kwa mifuko. Mwaka 1962 ilitoka mifuko ya 1903-O, sarafu iliyokuwa inahesabika adimu kupindukia, na bei yake ikaanguka kama embe.

Turubai lile lilikuwa na salfa. Sarafu iliyolala imegusana na kitambaa ikapata rangi upande mmoja, na upande wa pili, uliogusana na sarafu nyenzake, ukabaki mweupe. Nyenzake ikiilalia nusu, rangi inapata umbo la mwandamo, na mstari wake unafuata duara la sarafu ile ya juu. Tazama tena 1881 yako, na picha uliyonitumia uikuze. Upande wa tai hauna rangi kabisa. Mwandamo una ukingo wa duara lenye ukubwa wa dola. Na karibu na nyota mbili kati ya zile za kushoto kuna kiweupe chembamba kinachozizunguka, kwa sababu nyota imeinuka na kukiinua kitambaa, kikashindwa kugusa uwanda pembeni mwake. Hicho kiweupe ndicho kilichonifanya niweke chai chini. Mtu aliyepika kwa moshi au kwa dawa hapati hilo kwa urahisi, maana moshi na maji huingia kila pembe.

Ya 1887 hadithi yake ni nyingine. Duara ukingoni, pande zote mbili, katikati safi, ndivyo zinavyotoka kwenye albamu za zamani za makadi, zile zenye matundu. Kadi ilikuwa na salfa, na ukingo ndio ulioigusa kwa miongo. Marehemu aliitoa kwenye albamu akaitia kisandukuni. Sina shaka nayo kubwa.

Ile ya 1921 yenye buluu na kijani, hapo yule jamaa wa dukani kasema kweli. Shavu la bibi huyo limechakaa, kuna mkwaruzo mrefu kutoka jichoni hadi kidevuni, na buluu inapita juu ya uchakavu na ndani ya mkwaruzo sawasawa, kama rangi ya ukuta. Sarafu ilitembea kwanza mifukoni mwa watu, ikakwaruzwa, ndipo ikapata rangi, tena mbele na nyuma kwa namna moja. Na kijani kimekaa kando ya weupe mtupu, hakuna asali wala zambarau katikati. Zamu imerukwa. Mimi nazungumza kwa picha, na picha za simu zinajua kuongeza chumvi, lakini hiyo nisingeilipia senti ya rangi. Kosa la jamaa yako ni kushika moja na kuhukumu tatu. Au labda halikuwa kosa. Mtu anayetaka kununua kwa bei ya madini ana sababu ya kuona vibaya.

Usinione mjuzi. Niliwahi kununua sarafu yangu ya upinde wa mvua kwenye maonyesho, kwa bei ya kodi ya mwezi, kutoka kwa mtu aliyevaa tai. Nilipofika nyumbani nikaitia kwenye asetoni kuondoa gundi kidogo iliyokuwa ukingoni, nikaona buluu inaachia na kuelea kwenye glasi. Ilikuwa rangi ya kupaka. Asetoni haiuondoi utando wa kweli wa fedha. Mke wangu aliisikia ile kimya yangu kutoka jikoni.

Kuhusu daraja. Kipimo kinachotumika ni cha 1 hadi 70. Alikianzisha William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za Marekani, akiwa na wazo kwamba sarafu ya 70 iwe na thamani mara 70 ya ile iliyochakaa kabisa. Hesabu ya bei ilikufa, namba zikabaki, na baadaye zikavishwa sarafu zote. Chini kabisa ni zile zinazosomeka kwa taabu. Arobaini imechakaa kidogo, 58 imeguswa tu juu ya vilele, na kuanzia 60 ni zile ambazo hazijawahi kuzunguka mikononi mwa watu. Kampuni mbili kubwa zinazopima na kufungia kwenye kasha ni PCGS, iliyoanza 1986, na NGC ya 1987. Wanaopima ni binadamu. Sarafu ile ile leo 63, ikirudi mwakani 64, imeshatokea sana.

Kwa Morgan, jicho langu linaanza shavuni. Uwanda ule ni mpana na mtupu, na kila pigo la nyenzake ndani ya mfuko wa sarafu elfu linaonekana hapo. Ndiyo maana dola isiyotumika hata siku moja inaweza kuwa na uso kama umepigwa mawe. Baada ya shavu natazama nywele juu ya sikio. Hapa tahadhari na zile zenye O, za New Orleans. Nyingi zilipigwa kwa nguvu kidogo, nywele zikatoka bapa tangu kiwandani, na mtu asiyezoea anadhani ni uchakavu. Tofauti ni mng'ao. Penye uchakavu pamekuwa kijivu kilichofifia, penye pigo dhaifu spoku za baiskeli bado zinapita. Na rangi kali inaweza kuficha makovu, kwa hiyo inamisha sarafu pande zote chini ya taa moja ya balbu. Ya dirishani Jumapili ni nzuri kwa raha, haifai kwa hukumu.

1881-S ilitengenezwa zaidi ya milioni 12, na San Francisco miaka ile walikuwa wanagonga vizuri sana. Maana yake, yako ikiwa nyeupe isingekuwa kitu cha kushangaza hata ikipata 64. Rangi ndiyo inayoibeba. Hiyo ipeleke kupimwa, kwa sababu kasha litajibu swali ambalo kila mnunuzi atakuuliza, yaani rangi ni yake au imepikwa. Ukijumlisha ada, bima na kusafirisha kwenda na kurudi, ni makumi ya dola kwa sarafu moja. Kwa hiyo 1887 ingoje majibu ya nyenzake, na zile tano za kawaida usizipeleke hata kidogo. Zilizosafishwa nazo usithubutu. Watakurudishia kasha lisilo na namba kamili, limeandikwa kwamba imesafishwa, na ada wamechukua.

Hivyo vifuko vyako vinavyonuka kama pazia la bafuni, toa sarafu leo. Kabla ya kulala. Hiyo harufu ni ya plastiki laini inayotoa kemikali, na baada ya muda itakuachia ute wa kijani juu ya fedha. Nunua vile vigumu visivyo na harufu, au vidonge vya plastiki vya duara. Usifunge kwa raba, ina salfa. Usiweke jikoni. Shika ukingoni.

Sasa 1890-CC, uliyoniambia nisihangaike nayo. Nimehangaika nayo kuliko zote! CC ni Carson City, Nevada, kiwanda kidogo kilichokuwa karibu na migodi ya fedha, na dola zake watu huzitafuta hata zikiwa zimechakaa. Hiyo nyeusi yako inaweza kuizidi bei sarafu yoyote kati ya hizo tano alizosugua mama. Kwa sababu hiyo hiyo wapo wanaobandika herufi hizo kwenye sarafu ya Philadelphia, isiyo na herufi, na wapo wanaoghushi sarafu nzima. Itie kwenye mizani ya vito. Kwa uchakavu ule itakuwa imepungua kidogo chini ya 26.73, sehemu ndogo za gramu tu. Ikisoma 24 au 28, kuna jambo. Ipitishie sumaku, isinase. Kisha chukua lenzi utazame miguu ya zile herufi chini ya tai, juu ya neno DOLLAR, kama zimeota kutoka kwenye uwanda au zimekalia juu yake kama kibandiko.

Nyumbani kwako sasa. Mpwa wangu, umeandika kwenye mabano kwamba mkeo hajui bei. Wewe umeficha dola 560, halafu unashangaa kwamba yeye anaona ni vihela na mama yake anaona ni uchafu. Wangejuaje? Mkalishe mkeo umwambie bei, umwambie na hasara halisi kama nilivyokuhesabia, ambayo ni sarafu moja. Atakasirika kwa bei. Ni hasira nzuri kuliko hii ya sasa, kwa sababu hii ya sasa inamhusu mama yake.

Mama mkwe usimwambie kwamba ameharibu. Mama wa watu amefunga safari hadi Ohio kukulelea mtoto, na kosa lake ni kwamba alikuonea huruma. Zile tisa mwambie hivi, "Mama, hizi wenyewe huku wanazitaka na weusi wake, ndivyo zinavyouzwa." Ni kweli tupu, na atakuhurumia zaidi wewe na nchi yenyewe. Kisha katika zile tano chagua moja ya 1921, ile iliyotakata kuliko zote, umpe. Pwani yetu na Oman wanawake walivaa reale za Maria Theresa shingoni, dola ya fedha ya watu wengine, na mama wa Pangani hatahitaji kufundishwa cha kufanya nayo. Akirudi, sonara wa Tanga atamtilia pete ya kuning'inizia bila kuitoboa. Na akitaka kuisugua kila Ijumaa kwa ndimu na majivu, aisugue. Hiyo ni yake.

Ukishapima ile CC niandikie uzito, na unitumie picha ya herufi kwa karibu, bila kumulika na taa ya simu.